Fundi Hafundishi?

Mwaka jana nilipata kazi iliyostahili kuwa ya mtu mwingine. Naanza na hilo kwa sababu ukosoaji ninaotaka kuufanya hapa unanigusa mimi kwanza, kabla haujamgusa mtu yeyote mwenye jina kubwa.

Chuo kimoja kidogo, ambacho sitakitaja, kilitangaza kwamba kinatafuta mkufunzi wa usanifu wa ndani kwa kozi fupi ya vijana kule Kakuma. Walitaka diploma au digrii, na mtu anayejua kuchora kwa kompyuta. Mimi ni mtoto wa Lodwar. Nilisomea dizaini Nairobi, nikarudi nyumbani na cheti, na laptopu iliyojaa picha za sebule za watu wa Lavington. Kusema ukweli, sikuwa nimewahi kutengeneza hata stuli. Nikaandika barua, nikaitwa, nikapewa.

Kwenye karakana nilimkuta mwanamume wa makamo kutoka Kivu Kusini. Kwenye karatasi za ofisi alikuwa "msaidizi wa karakana". Alianza useremala kabla mimi sijazaliwa. Alikuwa ametengeneza vitanda, milango, kaunta za maduka na madawati ya kanisa, na nusu ya vijana darasani walikuwa tayari wamewahi kumbebea mbao. Kama wakimbizi wengi wanaofanya kazi kambini, yeye hulipwa kile kinachoitwa insentivu. Ni pesa kidogo ya kumshukuru mtu, si mshahara. Mimi nililipwa mshahara.

Siku ya kwanza niliwaonyesha vijana slaidi za mtindo wa Skandinavia. Msichana mmoja aliyekaa nyuma akainua mkono. "Madam, hiyo kapeti nyeupe, vumbi la hapa litaiacha kweli?" Darasa zima likacheka, na mimi nikacheka nao ili nisionekane mjinga peke yangu. Wiki iliyofuata nikachora rafu ya ukutani, safi, yenye vipimo hadi milimita. Fundi akaiangalia kwa muda, akagusa ubao niliouchagua, akasema taratibu, "Madame, hii itapinda. Mbao haisomi diplome." Tuliijenga hivyo hivyo kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mwalimu. Ilipinda.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza swali moja: watu wanaofundisha usanifu wa ndani walitoka wapi? Yaani, kabla ya kusimama mbele ya darasa, mikono yao ilikuwa ikifanya nini?

*

Turkana ina jibu moja zuri sana, tena limejengwa kwa mawe. Ukitoka Lodwar ukaelekea ziwani utafika Loropio, ambako kuna kampasi ya Startup Lions, mahali ambapo vijana hujifunza kazi za kompyuta. Ilikamilika mwaka 2021, na aliyeisanifu ni Francis Kéré kutoka Burkina Faso. Umeziona picha zake hata kama hukujua ni wapi: minara mitatu mirefu inayosimama kama vichuguu vya mchwa juu ya mteremko. Mchwa ndiye aliyetoa wazo.

Mwaka 2022 Kéré alipewa Tuzo ya Pritzker, Mwafrika wa kwanza kuipata, na siku hiyo kila mtu kwenye simu yangu alikuwa msanifu majengo. Ila wachache walitaja alikoanzia. Kéré alianza kama seremala. Alikwenda Ujerumani mwaka 1985 kwa ufadhili wa kujifunza useremala, akasoma shule ya jioni, na ni baadaye sana ndipo alipoingia Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin. Alipojenga shule ya msingi ya kijijini kwao Gando, iliyokamilika mwaka 2001, alikuwa bado mwanafunzi. Alihitimu mwaka 2004, mwaka ule ule shule hiyo ilipopata Tuzo ya Aga Khan. Leo ni profesa Munich, na amewahi kufundisha Harvard.

Hata kabla ya useremala kulikuwa na mafunzo mengine. Akiwa mtoto alipelekwa kusoma mbali na kwao, kwenye darasa la saruji lililojaa watoto zaidi ya mia moja, lenye joto la tanuri. Ameisimulia habari hiyo mara nyingi. Mimi naihesabu kuwa shahada yake ya kwanza. Mtu aliyejasho ndani ya chumba kibaya kwa miaka mingi tayari ni mkosoaji wa usanifu wa ndani. Kilichobaki ni kumpa penseli.

Ingia ndani ya kampasi ya Loropio uone kama hayo ni maneno matupu. Minara ile si pambo. Hewa moto hupanda ikatokea juu, na hewa iliyopoa huingia kupitia matundu yaliyowekwa chini. Kompyuta, ambazo joto na vumbi ni adui zao wakubwa, zinapata pumzi. Nje kuna vivuli na baraza ambako mtu anaweza kukaa na laptopu na bado akaliona ziwa. Mawe yalichimbwa papo hapo. Hakuna kitu cha kifahari humo, lakini mwili wako unajua umeingia mahali palipofikiriwa. Mara ya kwanza nilipoingia niligundua kwamba nimeacha kujipepea na daftari, na sikukumbuka niliacha lini. Kwangu mimi hicho ndicho kipimo cha chumba. Rangi ya mito ya sofa inakuja baadaye sana.

Malalamiko yangu hayahusu jengo. Yanahusu maneno yanayoandikwa kulihusu. Makala nyingi nilizosoma zinamtaja mchwa, zinamtaja Kéré, halafu zinaingia moja kwa moja kwenye picha za machweo. Mwanamke wa Kiturkana, ambaye amekuwa akipambana na joto hili hili kwa vizazi na vizazi, hayumo. Mchwa amepewa heshima ya ualimu, mama amekosa.

Kwetu nyumba ni kazi ya wanawake. Nyanya yangu alijenga akai, kibanda cha kulala, kwa mikono yake. Fito zinakunjwa zikawa kuba, zinafungwa, halafu zinafunikwa kwa majani ya mkoma. Umbo la duara linaupitisha upepo bila kugombana nao. Mlango ni wa chini, unaingia umeinama, na kwa hiyo jua la saa tisa haliingii nawe. Pembeni kuna kibanda kingine cha mchana, kilicho wazi zaidi, kwa ajili ya kivuli na maongezi. Vyombo vinaning'inizwa, maana sakafu ni ya watu. Nikiwa mdogo nilidhani nyanya anajenga tu. Nilipofika chuoni nikafundishwa maneno mazito ya kuzungumzia mpangilio wa nafasi, mwelekeo wa upepo na mtiririko wa watu ndani ya nyumba, na nikawa nanukuu vitabu kutoka London. Hakuna aliyeniuliza ninatoka wapi. Na mimi sikusema. Hilo nalo ni kosa langu.

*

Kuna jengo la pili ninalotaka kulisoma, au tuseme kundi la nyumba. Kambi ya Kakuma ilianza mwaka 1992, wakati vijana wengi waliokimbia vita vya Sudan walipofika. Ilipofurika, makazi mapya yakafunguliwa Kalobeyei, kilomita chache kutoka hapo. Mwaka 2017 UN-Habitat ikamwita Shigeru Ban, msanifu wa Japani mwenye Pritzker ya mwaka 2014, abuni nyumba za Kalobeyei. Ban anajulikana kwa mabomba ya karatasi. Amejengea watu waliopoteza makazi kwa karatasi katika nchi nyingi, hata kwa wakimbizi wa Rwanda miaka ya 90. Naye pia ni mwalimu, kwa miaka mingi, katika vyuo vikuu vya Japani. Kalobeyei alijaribu nyumba za mfano za aina kadhaa: za mabomba ya karatasi, za mbao, na za matofali ya udongo ulioshindiliwa.

Ninamheshimu Ban kwa jambo moja: hakuja na marumaru. Amekaa maisha yake yote akiwaza vitu ambavyo wengine huvitupa. Lakini nikisoma maelezo ya miradi ya namna hii, nakwazwa na sarufi yake. Mtaalamu ndiye mtendaji wa kila kitenzi. Anabuni, anajaribu, anaboresha. Wakazi ni "wanufaika". Wanapewa, wanafunzwa, wanashirikishwa. Tembea Kakuma dakika kumi tu, uone kama wale ni watu wa kushirikishwa. Utakuta mkahawa wa Kihabeshi ambao ndani yake umesahau kabisa kwamba kuta ni udongo na paa ni mabati, kwa jinsi vitambaa, mwanga na harufu ya kahawa vilivyopangwa. Utakuta duka la Msomali lenye rafu zinazotumia kila inchi. Utakuta nyumba ya Wakongo yenye kochi, vitambaa vya kufuma na pazia linalogawa chumba kimoja kikawa vitatu. Watu waliokuja mikono mitupu wamefanya usanifu wa ndani kwa zaidi ya miaka 30, tena kwenye nyumba ambazo ilitarajiwa wangezihama baada ya muda mfupi.

Waandishi wa Kiingereza hupenda kurudia kwamba Kakuma ni neno la Kiswahili lenye maana ya "hakuna mahali". Wewe unayesoma hapa unajua Kiswahili, kwa hiyo unajua ni porojo. Lakini ona jinsi porojo hiyo inavyofanya kazi. Mahali pakiitwa hakuna mahali, basi ndani yake hakuna kitu cha kujifunza, na mwalimu lazima atoke nje.

*

Sasa turudi kwenye swali la vyeti, maana naona kama kuna uongo tunaoambiana. Tunaongea kana kwamba usanifu wa ndani ni taaluma safi iliyoanzia chuoni, na mafundi wamekuja kuivamia. Historia inasema kinyume chake. Elsie de Wolfe, Mmarekani anayetajwa sana kama mama wa kazi hii, alikuwa mwigizaji wa jukwaani kabla ya kupewa kazi ya kupamba ndani ya Colony Club ya New York mwaka 1905. Wassily Kandinsky, aliyeongoza karakana ya kupaka kuta rangi katika shule ya Bauhaus, Ujerumani, alikuwa mchoraji, na kabla ya hapo alisomea sheria na uchumi. Hapa kwetu, mmoja wa watu waliojenga misingi ya masomo ya dizaini Nairobi katikati ya miaka ya 60 alikuwa Selby Mvusi, mchoraji na mchongaji kutoka Afrika Kusini, akishirikiana na Derek Morgan. Alifariki kwa ajali ya barabarani mwaka 1967, na wengi tuliopita kwenye masomo ya dizaini nchini hatukuwahi kusikia jina lake darasani.

Mwigizaji, mwanasheria, mchongaji, seremala. Kama hao wote wangetuma maombi ya kazi niliyopata mimi, wasingefika hata kwenye usaili.

Bauhaus inanivutia kwa sababu nyingine. Shule ilipoanza Weimar mwaka 1919, kila karakana ilipangiwa walimu wawili: mmoja msanii, wa kufundisha umbo, na mwingine fundi, wa kufundisha kazi yenyewe. Waliona kwamba mtu mmoja mwenye ujuzi wote wawili alikuwa bado hajazaliwa, kwa hiyo wakawaweka bega kwa bega hadi wanafunzi wao wakue wawe watu wa namna hiyo. Wakakua kweli. Marcel Breuer aliingia kama mwanafunzi wa karakana ya mbao, na baadaye akarudi kuiongoza. Ila jaribu hili: taja wasanii wa Bauhaus, utapata watano bila jasho. Haya, taja mafundi wao. Hata Weimar, basi, fundi alifundisha halafu akasahaulika.

*

Nisiwe mnafiki. Kuna sababu ya kudai vyeti, na mtu aliyekulia Lodwar anaijua. Tumeona waya za umeme zilizofungwa na mtu aliyejiita fundi kwa sababu ana bisibisi. Tumeona kantini iliyowekewa siling'i ya jipsamu ya kushuka, na taa za rangi juu yake, kwa sababu fundi aliona vile Eldoret, na sasa watu wanakula wakiwa wametoa mashati. Fundi naye huiga, na akiiga vibaya hakuna mtihani wa kumkamata.

Halafu kuna namna ya kufundisha. Mafundi wengi hufundisha kwa neno moja: "Angalia." Unaangalia mwaka mzima, unabeba maji, unatumwa chai, na ile hatua muhimu inafanywa ukiwa umetumwa misumari. Wengine huficha ujuzi makusudi, na siwalaumu sana, maana mwanafunzi wa leo ni mshindani wa kesho. Lakini kijana hawezi kulipia maisha yake kwa kuangalia tu. Chuo kilinifundisha vitu ambavyo fundi yule wa Kivu mwenyewe aliniomba nimfundishe: kuchora kwa kipimo, kupiga hesabu ya vifaa kabla ya kununua, kumweleza mteja kwa nini. Tulipopata oda ya kaunta na meza za mkahawa mmoja, ni mchoro wangu uliotuzuia kupoteza mbao mbili nzima. Aliukunja akauweka mfukoni. Sikumuuliza kwa nini, lakini nilitembea nyumbani nikiwa na furaha.

Kwa hiyo sisemi tuchome vyeti. Nasema swali "una cheti gani?" ni nusu ya swali. Mwalimu wa usanifu wa ndani aulizwe pia: umewahi kujenga nini, na nani aliishi ndani yake? Nchi hii ina njia za kulijibu hilo. Kuna majaribio ya ufundi ya NITA, ambako seremala au mwashi hupimwa kwa kazi ya mikono yake. Kuna utaratibu wa kuutambua ujuzi alioupata mtu nje ya darasa. Ni mambo mazuri, lakini yanampa fundi cheti cha kufanya kazi, na bado mlango wa darasa unalindwa na diploma. Kwa mkimbizi kuna mlango mwingine tena mbele ya huo, wa vibali. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021 na Mpango wa Shirika uliozinduliwa 2025 zinazungumzia kuwaingiza wakimbizi katika uchumi wa nchi. Mimi nitaamini siku nitakapoona neno "insentivu" limefutwa kwenye orodha ya malipo ya karakana.

Na nyanya yangu? Hakuna jaribio la kujenga akai. Siku hizi majani ya mkoma yanapungua kwenye akai, na maturubai na magunia yanaongezeka. Nyanya mwenyewe alimalizia maisha yake kwenye chumba cha mabati ambacho sisi wajukuu tulimjengea kwa fahari. Mchana alikuwa analala nje. Mjukuu msomi wa usanifu wa ndani alikuwepo, na hakuona kitu.

*

Kiswahili, kwa bahati, hakijawahi kutenganisha mambo haya. Fundi, kufunda, fundisha, mafunzo, mwanafunzi, mkufunzi: mzizi ni mmoja. Anayejua kazi na anayefunza wengine wanatoka kwenye neno lile lile, ni ofisi ndizo zilizowapa milango miwili. Ukisema "fundi hafundishi" masikio yenyewe yanakataa, lakini ndivyo tangazo la kazi yangu lilivyosema, kwa maneno ya heshima.

Kozi ilipofika mwisho tulitakiwa kujaza fomu ya kuomba kundi la pili. Kuna mahali pameandikwa: Jina la mkufunzi. Mstari ni mmoja, mfupi. Niliandika jina lake, halafu langu, nikabananisha herufi. Nikapeleka ofisini. Karani, mtu mpole tu, akanirudishia. "Madam, ni jina moja." Nikamuuliza, na huyu aliyefundisha nao kutwa nzima? Akasema, "Huyo si atakuwepo tu?"

Ndiyo. Atakuwepo tu. Amekuwepo Weimar, amekuwepo Nairobi, na yuko Kakuma sasa hivi akiranda ubao wa mtu mwingine.

Nilichukua fomu nyingine. Safari hii niliandika jina lake peke yake, nikajaza mahali pa elimu: useremala, karakana ya baba yake, Kivu Kusini, miaka ya kufundisha: yote. Langu nililiweka chini, kwenye mstari wa msaidizi. Fundi alipoiona alinikemea. Alisema nitapoteza kazi bure, na kwamba kundi la pili litahitaji mtu wa kuchora.

Fomu haijajibiwa. Rafu iliyopinda bado iko ukutani, tumeiacha makusudi. Vijana wapya wakija, hilo litakuwa somo la kwanza, na tutalifundisha wote wawili.